Mlango wa Mkwe

Upepo wa Ilomba mwezi wa saba hauna adabu. Hauulizi kama kuna mgeni, hauulizi kama mwenye nyumba kavaa. Siku ile Mzee Fanueli aliposhuka kwenye lori la Tukuyu, mguu wa kushoto umeviringishwa majani ya mgomba, akakongojea mpaka sebuleni kwa mwanawe Asukile na kuketishwa kwenye kiti pekee, upepo ulimpa nafasi ya kunywa maji tu. Kisha ukaingia kwa mlango wa mbele, ukavuka sebule, ukalikamata pazia la kaniki lililotenganisha sebule na chumba, ukalirusha juu.

Chumbani alikuwamo Atuganile, mke wa Asukile, anasonga ugali. Mwaka wa nne huu ameolewa, na hajawahi kuonana uso kwa uso na baba wa mumewe. Ndivyo walivyo Wanyakyusa: mke hamtazami baba mkwe, halitaji jina lake, hapiti naye njia moja. Wenyewe huita kutila, yaani kuogopa, ingawa humo ndani heshima ni nyingi kuliko woga. Kijijini jambo hili ni jepesi, maana migomba ni mingi; mtu anachepuka nyuma yake mpaka mzee apite. Lakini Ilomba, kwenye vyumba viwili vya kupanga, uchepuke nyuma ya nini? Atuganile alijitupa uvunguni na mwiko wake mkononi, na ugali ukaungulia.

"Asukile," mzee akaita. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia. "Nyumba gani hii?"

"Ya mjini, tata."

"Ya mjini ndiyo inamwanika mkeo mbele yangu?"

"Ni upepo, tata."

"Basi huo upepo nauachia nyumba yake. Lori likipatikana kesho, narudi."

Lakini kurudi kulikuwa na bei yake. Asubuhi ile walipitia hospitali kwanza. Dresa alifungua majani, akageuza pua pembeni, akasema kidonda kinataka kusafishwa kila siku kwa siku arobaini. Akikosa, mguu utakatwa chini ya goti. Vitanda vimejaa, mgonjwa akalale kwa ndugu. Na ndugu wa Mzee Fanueli mjini Mbeya alikuwa mmoja tu, huyu huyu mwenye pazia.

"Tata, nipe mpaka Jumamosi. Nitaweka mlango hapo."

"Mlango utaununua na nini?"

"Sinunui. Natengeneza. Umesahau kuwa mimi seremala?"

Mzee alishusha kofia kidogo. Kijijini, habari za mwanawe aliyekaa Iringa miaka miwili kwenye karakana ya samani zilikwisha kutembea mpaka kanisani. Yeye mwenyewe ndiye aliyezitembeza. "Kweli," akasema. "Maumivu yananisahaulisha. Basi, Jumamosi."

Akakigeuza kiti, akaukabili ukuta kama mtoto wa shule aliyekosa hesabu, na akakaa hivyo siku tano, akiinuka tu kwenda kwa dresa.

*

"Sasa?" Atuganile alimbana mumewe uani, kwa sauti ya chini.

"Sasa nini?"

"Mlango."

"Si nimesema nitatengeneza?"

"Asukile, mimi mkeo. Baba yako mdanganye, mimi niache. Iringa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Asukile alitazama juu, akatazama kuku wa jirani, akakuta hakuna wa kumsaidia. "Nilikuwa nafagia maranda."

"Na nini tena?"

"Kukoroga gundi. Siku moja moja."

"Na randa je? Hukushika randa?"

"Niliibeba. Kutoka meza hii kuipeleka meza ile."

Atuganile alitaka kuangua kicheko, akakumbuka nani yuko upande wa pili wa ukuta, akajaza upindo wa kanga mdomoni na kuchekea humo mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akasema, "Haya. Nenda ukaufagie huo mlango mpaka usimame."

Tusimwonee Asukile. Alipoondoka Iringa alikuja na msumeno, nyundo, na randa kuukuu yenye pengo kwenye makali yake ya chuma, na kwa vifaa hivyo watu wa Ilomba walikuwa wakimwita fundi. Alikuwa amepigilia mabanda ya kuku manne, na la tano lilianguka bila kuua kuku. Mtu akiitwa fundi kila asubuhi, mwishowe anaitika.

Siku ile ile, Jumatatu, akapanda kwa wapasua mbao, akachukua mbao nne za mkaratusi zilizopasuliwa siku hiyo hiyo. Zilikuwa nzito, zinanukia, na maji yanazitoka. Asukile alidhani maji yale ni dalili ya afya.

Bi Mwanahawa, mwenye nyumba yao, mjane wa mfanyabiashara, alikuwa akikaanga vitumbua uani na kutazama. Mdomo wake haukuwa na likizo. "Fundi," akasema, "huo mlango mbona unalia? Umeuudhi nini?"

"Mbao mpya hizo, Bi Mwanahawa."

"Naona. Hata hazijajua kama zimekufa."

Jumamosi jioni mlango ulisimama. Ulijaa kwenye mwanya wake sawasawa, hata upepo wenyewe ulikuja, ukasukuma, ukarudi. Mzee Fanueli akakigeuza kiti kwa mara ya kwanza tangu afike, akaugonga mlango kwa fimbo, akasikiliza. "Huu ni mlango," akatamka, kama hakimu. Usiku ule alilala amekunjua miguu yote miwili.

*

Kiangazi cha Mbeya kina jua kali mchana na baridi kali jioni, na Atuganile kwa ajili ya baridi alikuwa akiwasha jiko la makaa humo chumbani. Mbao mbichi katikati ya mambo hayo mawili zilifanya zinavyojua. Jumapili palionekana mstari wa mwanga kati ya mbao na mbao. Jumanne kidole kilipita. Jumatano paka wa Bi Mwanahawa alipita, na hakulazimika kujibana. Mlango wenyewe ulikuwa umejikunja kama ungo.

Jumatano hiyo hiyo, saa nne asubuhi, mzee aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli la uji. Ndani ya ufa, kuanzia shingo mpaka kisigino, alikuwa amesimama mke wa mwanawe akifunga kanga, mgongo umemwelekea.

Bakuli lilianguka. "Asukile! Mlango wako umeota macho!"

Asukile alitoka uani mbio na kumkuta baba amejifunika kofia, anapapasa mzigo wake.

"Tata, mguu!"

"Mguu ni wangu. Heshima ni ya ukoo mzima. Nikikatwa mguu nitatembelea gongo. Nikimvunjia heshima mke wa mwanangu nitatembelea nini?"

"Nitaurekebisha."

"Lori linakuja Jumapili. Mpaka siku hiyo mimi nakaa nje barazani, jua linichome." Kisha akauliza taratibu, na swali hilo lilimuuma Asukile kuliko ukali wote: "Mwanangu, Iringa huwa wanatengeneza milango ya namna hii?"

Chumbani Atuganile alisikia kila neno. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia jikoni kwa Bi Mwanahawa akiwa na macho mekundu, na hata Bi Mwanahawa alimpa kitumbua bila kusema kitu.

*

Asukile aliung'oa mlango, akajitwika mgongoni, akaenda nao Mwanjelwa. Njiani hawakumwacha. "Fundi, unahama na mlango tu? Nyumba inafuata lini?" Mwingine akabisha hodi mgongoni mwake na kuuliza kama wenyewe wapo. Alifika karakana ya Fundi Halfani shati limelowa, akautua chini. Mlango ukayumba, upande huu, upande ule, ukakataa kutulia.

Fundi Halfani, mtu wa makamo mwenye penseli kwenye sikio, aliutazama mpaka ukaacha kuyumba. "Huu ni mlango au bembea?"

"Mlango, fundi."

"Mti ulipasuliwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na ukaupigilia misumari?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ya wiki hiyo hiyo! Ndugu yangu, wewe hukutengeneza mlango. Umepanda mti ndani ya nyumba." Akageukia wenzake wawili waliokuwa wakichonga miguu ya vitanda, nao wakaacha kazi kabisa ili wacheke vizuri. "Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa Iringa. Mlandege."

"Mlandege kwa nani?"

"Kwa Mzee Selemani."

Fundi Halfani aliitoa penseli sikioni. "Mimi nimezaliwa Mlandege, nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Selemani. Kila Idi naenda kumwamkia. Ngoja nikutazame." Akamzunguka. "Hebu inama kidogo. Kama mtu anayefagia. Ee! Wewe si yule kijana wa ufagio?"

Karakana nzima ilipasuka. Asukile alisubiri. Maishani mwake alikuwa amechekwa mara nyingi, na alikwishajua kuwa kicheko, ukikiacha, huwa kinachoka chenyewe.

"Ni mimi wa ufagio," akasema walipochoka. "Ila nina baba, na baba ana mguu." Akaeleza yote: pazia, dresa, siku arobaini, jicho la mlango, lori la Jumapili.

Halfani aliacha kucheka kwa awamu. Kwanza tumbo, halafu mabega, mwisho uso. "Sifundishi mtu," akasema. "Nilifundisha watatu, wote wamefungua karakana ng'ambo ya barabara, wananipungia mkono kila asubuhi. Lakini mgongo unao, nimeuona ulipoingia. Mbao zangu za mninga zimeletwa kutoka Chunya na zimemwagwa kule barabarani. Ziingize ndani. Na wakati unaziingiza, macho yako siwezi kuyafunga kitambaa."

Siku mbili Asukile alibeba mninga na kutazama. Ajabu ni kwamba mafundi wa Mwanjelwa hawakufanya lolote ambalo mafundi wa Mlandege hawakulifanya. Ila Iringa, kwa miaka miwili, macho yake yalikuwa sakafuni, kwenye maranda. Huku aliyainua, akatazama mikono. Aliona jinsi mtu anavyogonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana ubao mkavu hulia kwa sauti safi na mbichi huguna. Aliona jinsi mbao zinavyochongwa ulimi na mfereji ili zishikane ubavu kwa ubavu, na zikinywea, ulimi uzibe mwanya. Aliona kwamba mlango mzuri haujazwi kabisa kwenye fremu; huachiwa nafasi ya unene wa senti kumi, ili mvua zikija upate pa kutanukia.

Jumamosi asubuhi Halfani akamwonyesha kwa kidevu mbao za mninga zilizokaa darini miaka miwili. "Hizo ni mabaki. Na meza ile leo haina mtu." Kisha akajifanya anapiga hesabu zake, amempa mgongo. Msumeno wa Asukile ulipoanza kwenda kombo, Halfani alikohoa. Ulipozidi kombo, alikohoa mara mbili. Mchana wenzake walimuuliza kama amepata mafua.

*

Jioni ya Jumamosi mzigo wa mzee ulikuwa umekwisha kufungwa, umeegemezwa barazani. Asukile akauegemeza ukutani ubao mfupi uliobaki, akausimamisha mlango mpya kwenye bawaba. Juu ulikaa. Ubavuni ulikaa. Chini ulibaki mwanya wa shibiri nzima na vidole viwili, maana yale mabaki yalikuwa mafupi na yeye, kwa furaha ya kupewa, hakuyapima.

Bi Mwanahawa alisimama akautazama, mikono kiunoni. "Yarabi. Mlango umevaa kaptula."

Asukile alikaa chini sakafuni. Hakuwa na mbao nyingine, karakana imefungwa, na lori lilikuwa la kesho. Nyundo ilimtoka mkononi, hakuiokota.

"Usiung'oe," sauti ya Atuganile ikatoka chumbani. "Ule ubao mfupi uliobaki uko wapi?"

"Upo hapa. Haufai kitu, haufiki hata nusu ya urefu."

"Ulaze. Ufunge hapo chini, ufunguke peke yake."

"Ili iweje?"

"Asukile, wewe mchana hupo. Kila siku huyo mzee wa watu anakula chakula kilichopoa, kwa sababu natoka nyuma, nazunguka nyumba nzima na sahani, nachungulia kama amegeuka, naiweka, nakimbia. Jana nimemwaga mchuzi kwa kukimbia. Nifungulie hapo pa kupitishia sahani."

Asukile alimtazama Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa akaenda kwake na kurudi na kipande cha mpira wa gari. "Kata hii, iwe bawaba," akasema. "Na mimi nataka shukrani mbele za watu."

*

Jumapili asubuhi Mzee Fanueli alikaa sebuleni amevaa koti, mzigo magotini, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekubali kuingia dakika chache tu, kwa ajili ya baridi. Mlango mpya hakuutazama. Alikwisha kutazama mmoja, ukamtazama na wenyewe.

Chini ya mlango kitu kikalia kidogo. Kibao kikainuka. Sahani ya ndizi na maharage ikatokeza, moshi unapanda, ikasukumwa polepole mpaka mbele ya miguu yake. Iliyoisukuma ilikuwa ncha ya mwiko. Hakuonekana kidole, hakuonekana hata ukucha. Mwiko ukarudi ndani, kibao kikashuka.

Mzee aliinua kofia. Akainama mpaka karibu aanguke, akakisukuma kibao kwa fimbo, kikasogea na kurudi. Akautazama mlango kuanzia chini mpaka juu, akitafuta ufa, akakosa. Akaweka mzigo pembeni na kuivuta sahani.

Barabarani lori likapiga honi.

"Tata," Asukile akaita kutoka barazani, roho mkononi. "Lori hilo."

"Nina masikio."

"Linaondoka."

"Sasa unataka niache chakula cha moto nikimbilie lori, na mguu huu?" Akatafuna. Honi ikalia tena, mbali, kisha mbali zaidi. "Na mwambie mlango," akasema akiwa ameelekeza uso kwenye mbao, "kwamba maharage yameiva."

*

Tangu siku hiyo mzee na mlango wakawa marafiki. "Mlango, mwambie mwenye chumba chumvi imetosha." Kutoka ndani mwiko uligonga mara moja, yaani amesikia. "Mlango, mwambie leo dresa amesema usaha umekauka." Mwiko uligonga mara nyingi, bila mpango. Atuganile hakuvunja mwiko wa desturi hata kidogo, na bado watu wale wawili, baada ya miaka minne ya kukimbiana, walizungumza kutwa.

Habari zikavuja. Wanyakyusa wa Ilomba wote walikuwa na baba, na wote walikuwa na pazia. Wa kwanza kuja alikuwa Sedekia, kibarua wa barabara, ambaye kila baba yake akija kutembea, yeye na mkewe huhamia kwa jirani.

"Nataka kama huu," akasema, akifungua na kufunga kibao kile. "Na kinywa chake hiki hiki. Shilingi ngapi?"

Asukile alikuwa hajawahi kuulizwa bei ya kitu kikubwa kuliko banda la kuku. Alibaki kukuna kichwa.

"Ishirini na tano," Mzee Fanueli akajibu kutoka kitini.

"Ishirini na tano, mzee?"

"Huo ni mninga. Halafu una adabu. Adabu hatujaitoza."

Sedekia akacheka, akakubali ishirini. "Kazi nzuri hii, fundi. Ulijifunzia wapi?"

Mzee alikaa vizuri, tayari kusikia neno Iringa. Asukile alimtazama baba yake, akatazama mikono yake mwenyewe iliyojaa malengelenge. "Hapa hapa mjini," akasema. "Wiki mbili zilizopita. Iringa nilifagia tu."

Chumbani mwiko uliacha kusonga.

"Kufagia?" mzee akauliza.

"Maranda, tata. Miaka miwili. Nisamehe."

"Miaka miwili nasimama mlangoni mwa kanisa nawaambia watu mwanangu fundi!" Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Asukile alidhani ni hasira mpaka alipoona meno. Mzee alicheka akashika goti la mguu mgonjwa, akalia 'aii', akaendelea kucheka. "Basi fanya haraka uutengeneze huo wa Sedekia, ili nisiwe nimewadanganya!"

Ule wa Sedekia ulitengenezwa Mwanjelwa. Fundi Halfani alikuja Ilomba mwenyewe siku moja, akajifanya anapita tu, akagonga mninga kwa kifundo, akachungulia kibao cha chini, akakuna ndevu. "Njoo Jumatatu," alimwambia Asukile. "Meza ile bado haina mtu. Na usije na ufagio."

*

Siku ya arobaini dresa alifungua bendeji, akabonyeza ngozi mpya yenye rangi ya waridi, akatupa bendeji kwenye ndoo. "Mzee, sitaki kukuona hapa tena," akasema, na hakuwahi kusema neno tamu kuliko hilo.

Walirudi Ilomba kwa miguu, mwendo wote, mzee mbele. Alipoingia sebuleni alitupa fimbo pembeni, akazunguka kiti mara moja akikanyaga kwa nguvu, ti, ti, ti, ili asikike. Chumbani Atuganile aliacha kupepeta. Alisikiliza. Hatua zilikuwa mbili, zinalingana, na hapakuwa na mlio wa fimbo katikati. Akapiga kigelegele kilichowarusha kuku wa mtaa mzima.

Mzee Fanueli, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu kumi na mmoja, alikunja suruali na kuanza kucheza. Alicheza kama wanavyocheza harusini kwao, mguu uliopona ndio unatangulia. Upande wa pili sakafu nayo ikaanza kudunda. Baba mkwe huku, mke wa mwana kule, hakuna anayemwona mwenzake, lakini mdundo wa huyu uliitikiwa na mdundo wa yule, na nyumba ya watu ikatikisika.

Bi Mwanahawa alifika mbio, unga mpaka viwikoni. "Kuna nini humu? Msiba au harusi?"

"Mguu!" Asukile akapiga kelele. Alikuwa amesimama amekumbatia mlango kwa mikono yote miwili, shavu kwenye mninga, macho kwenye bawaba.

"Na wewe mbona huchezi?"

"Nimeshika mlango!"

Bi Mwanahawa aliutazama mlango juu mpaka chini. Kisha akamshika Asukile vifundo vya mikono, akaubandua mkono mmoja, akaubandua wa pili, akamwachia alama za unga.

"Uachie, fundi," akasema. "Umesimama."

Asukile akauachia. Alingoja kidogo, kwa tahadhari. Halafu naye akaingia kwenye ngoma.